Perege wa Nyumba ya Mungu

Mimi samaki huwa simpi mgongo. Juzi nilikwenda kupimwa macho mjini, nikakuta daktari ameweka tangi la samaki pale wagonjwa wanaposubiri, taa ya buluu juu, pampu inakoroma chini, na kiti pekee kilichobaki wazi kimelipa tangi kisogo. Binti wa mapokezi akasema, "Shikamoo mama, karibu ukae." Nikamwambia marahaba mwanangu, nasimama tu. Akadhani nina maradhi ya mgongo. Mgongo wangu mzima, namshukuru Mungu. Ilikuwa ile harufu, harufu ya maji yaliyotulia siku nyingi juu ya mawe yaliyoota ukijani. Tangu tumzike mama imekuwa ikinijia hata mahali ambapo hapana maji kabisa.

Baba yangu alikuwa Bwana Samaki. Ninyi wa rika langu mnakumbuka, kila wilaya ilikuwa na Bwana Shamba, Bwana Mifugo, Bwana Afya, na sisi Moshi tukapewa Bwana Samaki pia, kazi yake kuwafundisha Wachagga kufuga na kula samaki. Aliyebuni kazi ile Mungu amsamehe, maana ni sawa na kumpeleka kinyozi kwenye kijiji cha wenye vipara. Kwa wazee wetu wa mlimani samaki alikuwa nyoka wa maji, basi, habari imeisha. Baba alipanda na kushuka na pikipiki yake akiwahimiza watu wachimbe mabwawa. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakamsindikiza hadi barabarani, na bwawa hawakuchimba.

Mwaka ule wakubwa wake wakapata wazo. Kwenye maonyesho ya Saba Saba watu waonyeshwe perege walio hai, wakubwa, ndani ya kioo, ili wawazoee kwa macho kabla ya kuwazoea kwa mdomo. Tangi litengenezwe mapema na samaki wakae humo hadi watulie. Ofisini hapakuwa na nafasi. Kwa hiyo tangi likaja kukaa sebuleni kwetu, Rau.

Lilikuja wiki ileile tuliyorudi kutoka Mkuu, Rombo, kumzika mdogo wangu.

Aliitwa Kunda. Surua ilimchukua kabla hajajua kutembea. Nakumbuka kifua chake siku za mwisho, pumzi inakwenda na mapovu, brrr, inakatika, unangoja, halafu tena brrr. Tulimzika kwenye migomba ya babu, na wakati wa kushuka kurudi mjini bibi mzaa baba akafungasha vitu vyake akapanda na sisi, kwa sababu mama alikuwa hasemi. Hakulia makaburini na hakusema neno njiani. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani, akalala akitazama ukuta.

Bibi alipika mtori kila siku. Mtori ni chakula cha mwanamke aliyejifungua, nyama imesagika ndani ya ndizi, unashuka wenyewe, na bibi aliupika kana kwamba mle chumbani kuna mtoto mchanga. Bakuli liliingia linafuka moshi, likatoka limeganda juu. Nilimsikia bibi akimwambia jirani yetu dirishani, kwa sauti ile ya watu wazima wanaodhani mtoto hana masikio: "Huyu mkamwana wangu anamfuata mtoto. Mdomo ameshaufumba. Yamebaki macho."

Nilijua maana yake. Nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto lakini nilijua. Kuanzia siku hiyo kila nikiamka nilikwenda kwanza kuangalia kama macho ya mama yako wazi.

Nikimwuliza bibi Kunda yuko wapi, alinijibu kama wakubwa wote walivyonijibu: "Amekwenda kwenye nyumba ya Mungu." Nikimwuliza lini atarudi, alinipa ndizi.

Sasa tangi. Vioo vyake vilitoka dukani kwa familia ya Kihindi iliyokuwa inafunga biashara ya vitambaa ihamie ng'ambo. Kilikuwa kioo kinene cha dirisha la mbele, ambacho nyuma yake nilizoea kuona sanamu za wanawake waliovaa sari, wasiopepesa macho. Singasinga mmoja fundi wa kuchomea akaunga fremu ya vyuma, baba akabandika vioo kwa puti, na wanaume wanne wakaliingiza ndani kwa ubavu. Lilikuwa refu, mtu mzima angeweza kujinyoosha humo. Bibi alitoka jikoni, mwiko mkononi, akalitazama toka huku mpaka kule.

"Hili ni la nani?" akauliza.

"La samaki, mama," baba akasema.

"Nimeuliza ni la nani."

Baba akainama kukaza puti.

Siku hizo sikuelewa kwa nini baba alilishughulikia lile tangi namna ile. Leo naelewa vizuri sana. Mwanamume yule alikuwa na mke asiyeweza kumgusa na mtoto asiyeweza kumrudisha, akapata kitu cha kufanya kwa mikono. Mchanga aliuchota mtoni Rau, akauosha kwenye karai mpaka maji yakatoka meupe, akauosha tena. Mawe meusi ya mlima aliyachemsha kwenye sufuria ya sherehe. Maji ya bomba aliyaacha kwenye mapipa uani hadi ile dawa ya bomba ikaruka. Mara ya kwanza tangi lilivuja sebule nzima, bibi akashangilia. Mara ya pili halikuvuja.

Pampu za umeme hatukuwa nazo. Baba alichukua tyubu ya lori, akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akaunganisha mrija mwembamba, akaubana na kibanio cha nguo ili upepo utoke kidogokidogo chini ya maji. Asubuhi tyubu ilikuwa imevimba, na mapovu yalipanda kwa haraka. Kadiri siku ilivyokwenda tyubu ilisinyaa, na jioni mapovu yalitoka kwa kukatika. Brrr. Unangoja. Brrr. Nilisimama pale sebuleni nywele zimenisimama. Upande wa pili wa ukuta, kitanda cha mama kililia. Alikuwa amegeuka. Na yeye alikuwa amesikia.

Kisha siku moja baba aliondoka alfajiri na Landrova ya idara, akarudi mchana amebabuka uso kwa jua, viatu vina tope jeupe. Nyuma kulikuwa na mapipa yaliyofunikwa magunia mabichi.

"Shikamoo baba. Ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nimetoka Nyumba ya Mungu."

Jamani. Ninyi mnajua, na mimi leo najua, kwamba Nyumba ya Mungu ni lile bwawa kubwa huko tambarare. Wakati ule nilikuwa sijalisikia hata mara moja. Nilimtazama baba yangu na tope lake, nikawaza, kumbe kuna barabara. Kumbe Landrova inafika.

"Ni mbali?"

"Wala. Ukishapita Mabogini unateremka tu."

"Kuna watoto huko?"

"Tele. Kutwa wako majini."

"Na… wana afya?"

Baba alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Wana afya kuliko wewe. Haya nipishe nishushe hawa."

Sikumwuliza kwa nini hakuja na Kunda. Nilijua baba ni mtu wa serikali, na mtu wa serikali hachukui kitu bila ruhusa. Lakini nilimwona ameleta mapipa.

Perege waliingia mmoja mmoja kwa wavu. Baba alichagua majike kadhaa na dume moja. Bibi, ambaye alikuwa ameapa kutotia mguu sebuleni, alichungulia toka mlangoni akauliza kwa nini dume ni moja. "Wakiwa wawili watauana, mama." Bibi akaguna. "Kama baba yako na kaka yake." Ulikuwa utani pekee uliosikika nyumbani kwetu miezi ile, na hakuna aliyecheka.

Baridi ya Juni ilikuwa imeshuka. Mlima ulijifunika kuanzia asubuhi, mchana unawasha taa. Samaki wale wa joto walijikusanya kona moja wamekunja mapezi. Baba akaweka jiko la mkaa karibu, akalizungushia tangi mablanketi, akaacha upande mmoja tu wazi. Nilikaa hapo. Walinitazama. Sijui kama mmewahi kutazamwa na samaki mkubwa kwa karibu. Hapepesi, na mdomo wake unafanya kama anayetamka neno lilelile.

Asubuhi moja nilikuta katikati ya mchanga pamechimbwa shimo. La mviringo, safi, kingo zake zimeinuliwa sawasawa. Dume, ambalo lilikuwa la kijivu, limekuwa jeusi, linasimama juu yake likilinda. Nilishawahi kuona shimo dogo limechimbwa sawasawa hivyo, mwezi uliotangulia, kwenye migomba.

Na siku chache baadaye jike mmoja, mkubwa kuliko wote, aliacha kula.

Baba alirusha pumba, wenzake wakagombania, yeye akabaki nyuma ya jiwe, kidevu kimemvimba, mdomo umefumbwa. Nilimvuta baba shati. "Huyu anaumwa."

"Haumwi. Ana watoto mdomoni."

"Amewala?"

"Amewabeba. Perege ndivyo wanavyolea. Atawaweka humo, hali kitu, mpaka wawe na nguvu, ndipo awatoe." Akainama tukawa uso kwa uso. "Ila usimshtue, Aika. Usigonge kioo, usipige kelele. Akishtuka sana huwameza."

Unaona basi mambo yalivyopangika kichwani mwangu. Ametoka Nyumba ya Mungu. Ana mtoto mdomoni. Na anafanya kama mama afanyavyo, hali, hasemi, amefumba. Baba hakuomba ruhusa ya kumleta Kunda. Amemleta kwa siri, ndani ya samaki. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba macho ya mama yatafumba kabla mdomo wa samaki haujafunguka.

Nikaanza kutembea kwa ncha za vidole. Nikamkataza paka wetu kuingia sebuleni. Kila nikipata nafasi nilipiga magoti mbele ya kile kioo cha Wahindi nikamnong'oneza yule jike: "Mtoe tu. Mama yuko hapo chumbani." Alikuja karibu. Mara moja alifungua mdomo kidogo sana, kama ufa wa mlango, na nawaapia, ndani mlikuwa na macho. Mengi, meusi, yote yananitazama mimi.

Nilimhurumia kwa baridi. Nikaingia chumbani polepole, nikavuta chini ya mto wa mama blanketi la Kunda, lile la njano lenye ukingo wa utepe, nikalitundika upande aliokaa jike. Mama alikuwa macho. Aliniona nikilichukua.

Aliyelikuta ni bibi. Ukungu ulikuwa umefika hadi dirishani mchana ule, baba yuko kazini, na bibi alikuwa anapita kunitafuta. Aliona blanketi la marehemu limening'inia kwenye tangi. Kisha akaona shimo mchangani, na kitu cheusi kinalilinda. Kisha tyubu ikapumua. Brrr.

"Ee Ruwa, Mungu wangu!" bibi akasema taratibu sana. "Wanamchimbia mkamwana wangu ndani ya nyumba, na mimi niko hapa napika."

Akarudi na ndoo. Sikuwahi kumwona bibi akikimbia kabla ya siku ile. Alivuta mablanketi chini, akazamisha ndoo, akaanza kuchota maji na kuyamwaga mlangoni, mchanga ukatibuka, samaki wakagonga vioo pande zote. Nilimshika gauni. "Bibi acha! Bibi anashtuka!"

"Niachie!"

"Atammeza!" Nilisahau kunong'ona. Nilipiga ukelele ambao hata leo nausikia. "Atammeza Kunda! Kunda yumo mdomoni, bibi, atammeza!"

Bibi aliganda, ndoo imeinuka nusu. Siyo kwa ajili yangu. Kwenye mlango wa chumba alikuwa amesimama mama.

Alikuwa amekonda, gauni la kulalia limemwangukia. Alitutazama, akatazama blanketi la njano lililolowa sakafuni. Akatembea kwa kushikilia ukuta, akamwondoa bibi kwenye tangi, bila nguvu, kama mtu anayefungua pazia, akapiga magoti majini.

Yule jike alikuwa amebanwa kona. Mdomo ukafunguka, akawatema wote.

Walikuwa wingu. Wadogo kama punje za ulezi, macho matupu na mkia, wakitapatapa kwenye maji machafu. Mama alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Nikaona midomo yake, iliyokauka ikapasuka, inaachana.

"Kunda," akasema.

Na wakaja. Wote kwa pamoja waligeuka, wakaacha mama yao, wakaacha mawe, wakaogelea moja kwa moja hadi kwenye kioo pale ulipokuwa mdomo wa mama yangu, wakajikusanya hapo wakisukumana, wakitaka kuingia. Bibi aliachia ndoo ikaanguka. Mama hakurudi nyuma. Akaufungua mdomo zaidi, akaita tena, "Kunda," na wao wakazidi kusukumana. Kisha ghafla akaufumba. Akauziba kwa kiganja, akameza mate, na sauti ikaanza kutoka kifuani mwake mdomo ukiwa umefumbwa, sauti ya chini, ndefu, mpaka bibi akaketi naye majini akamkumbatia, ndipo ikawa kilio cha kawaida cha mwanamke aliyefiwa na mtoto.

Nyuma yao jike alipita polepole akiwakusanya wanawe.

Jioni ile mama alikula mtori. Bibi alimshikia bakuli, naye akala kidogokidogo, akitafuna upande wa kulia tu. Na maisha yake yote alitafuna hivyo. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walimtania, mama nenda ukang'oe hilo jino, naye akawafukuza na kanga.

Baba alinieleza nilipokuwa mkubwa. Vifaranga vya perege hufuata doa jeusi, kwa sababu mdomo wa mama yao ukifunguka ni doa jeusi. Mama aliufungua wake mbele ya kioo, wakadanganyika. Maelezo mazuri. Lakini baba hakuwepo. Saba Saba ilipofika tangi lilibebwa kwenye maonyesho, watu wakapanga foleni kuwatazama nyoka wa maji, wakashika vichwa, wakaenda zao kula nyama choma. Bibi alirudi Mkuu. Tangi halikurudi kwetu, na hatukulizungumzia tena.

Hadi mwaka huu. Miezi yake ya mwisho mama aliyakumbuka ya zamani kuliko ya jana yake. Nilikuwa namnywesha uji, mchana, redio inaongea peke yake.

"Aika," akasema, "walikuwa wengi mno."

"Nani, mama?"

"Wale. Walikuwa wengi, na mimi nilikuwa namtafuta mmoja."

Nikaweka kijiko chini. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, lakini nilinong'ona kama siku zile mbele ya kioo. "Ukamwona?"

"Mbona alikuja wa kwanza." Alinishangaa kweli, kama nimemwuliza jina langu. "Ndiyo maana nikafumba mdomo haraka."

Alituacha kabla ya mvua za masika. Wanawake wa jumuiya walikuja kumwosha, watu wema wenye kuijua kazi yao, na walipomaliza mmoja akachana kitambaa cheupe cha kumfungia kidevu. Nikawaambia, ngojeni kwanza. Wakasogea. Nikainama, nikaushika uso wa mama yangu kwa mikono miwili, nikaangalia ndani ya mdomo.

Kisha nikawaambia wafunge, ila taratibu, wasimshtue.